Wanaanua

Tarehe 6, mwezi wa nane

Mwanangu mpenzi,

Nakusalimu kabla ya yote, na baada ya salamu nakuuliza hali yako, na kile kifua chako cha asubuhi, na kama unalala vizuri huko. Sisi hapa wazima. Bibi yako mzima, isipokuwa masikio; anasema nikuandikie kwamba anakusalimu, na ukirudi uongee kwa sauti kama mtu aliyeshiba. Mjomba wako mzima, anakusalimu, ubishi wake uko palepale na redio yake iko palepale, akiamka anataja msimamo wa ligi kabla hajanawa uso. Dada yako mzima, cherehani yake imepona, anakusalimu. Mwanawe anakusalimu, ameota meno mawili na yote anayajaribu kwenye kidole changu. Komeo, mwenzako wa utotoni, anakusalimu sana. Alikuwa amekaa hapa jikoni barua yako ilipofika, na nilipomwambia imetoka kwako alisimama kabisa, utadhani ameingia mkuu wa wilaya. Hata jirani mwenye bomba anakusalimu, ingawa anasema ulipoondoka hukumuaga.

Barua yako nimeisoma mwenyewe. Unajua kusoma kwangu, naenda kwa kidole, neno hili nalipita, lile nalirudia. Nimeisoma mpaka maziwa yakafurika na moto ukazima. Tangu uende huko mjini ilikuwa ni salamu za juu juu kwenye simu ya mjomba wako, naye anaiweka sauti ya nje nyumba nzima isikie, na mimi mambo ya mtoto wangu siwezi kuyazungumza mbele ya mkutano. Sasa umesema tuwe tunaandikiana, kwamba maneno ya simu mtu anayasahau lakini barua anaweza kuirudia. Umesema kweli. Nashukuru umenikumbuka. Nilishaanza kujiuliza nilikukosea nini.

Umeuliza habari za Shoka. Basi hao nao wazima, tena wazima kuliko sisi. Mechi tatu za mwanzo wa msimu hawajafungwa. Mbili wameshinda, moja sare, na goli lililoingia ni moja tu, nalo kipa wetu Komeo anasema aliingiziwa na jua. Mimi bado ndiye mfuaji wao. Jumatatu wananiletea yale magunia mawili, naloweka, nafua, naanika, na kamba zikijaa jezi uani panakuwa kama uwanja wenye watu.

Mjomba wako anaujua mpira kwenye redio, mimi naujua kwenye beseni. Jezi za washambuliaji wetu zinarudi karibu safi, unaweza ukazikunja ukazirudisha. Za mabeki zinarudi zimekuwa udongo mtupu, mgongoni, kifuani, magotini. Maana yake nini? Tunashinda kwa kuanguka chini. Nilimwambia hivyo kocha akacheka, akasema mama, hiyo ndiyo ripoti ya mechi.

Na hao Radi wa huko kwenu nasikia nao hawajafungwa. Mjomba wako akisikia jina lao anazima redio, halafu anaiwasha tena asikie wameshinda ngapi.

Kula vizuri. Usilale na nguo ya kazi, rangi za ghalani kwenu zina harufu mbaya kwa kifua.

Ni mimi mama yako


Tarehe 15, mwezi wa nane

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na bibi na mjomba na dada na mtoto, na wote walioniulizia. Mimi sijambo, kifua kimetulia. Chumba changu ni kilekile juu ya duka la vipuri, kelele za nyundo tangu asubuhi, lakini nimezoea.

Mama, barua yako ilinichekesha mpaka wenzangu ghalani wakaniuliza kulikoni. Nikawasomea pale pa jezi na udongo. Wote hapa ni Radi, niko peke yangu kama nzi kwenye maziwa. Wananiambia, hawa hawajafungwa na wale hawajafungwa, lakini si sawa. Radi mechi nne wameshinda zote, mabao kumi na moja, ingawa wameruhusu matano. Shoka mnashinda moja bila, mbili bila, kwa kubana. Wao wanasema timu inayobana huwa inachoka mapema, ikifika katikati ya msimu inafumuka kama mfuko. Mimi nawaambia timu inayoruhusu mabao matano katika mechi nne siku moja itakutana na mtu. Ubishi hauishi, mama, tunakula kwa ubishi na tunapakia kwa ubishi.

Sasa nisaidie nisiaibike. Wanasema mabao ya Shoka yote ni ya bahati, ya kona. Mimi nikasema si bahati, kuna namna wanavyojipanga. Wakaniuliza namna gani, nikakosa la kusema. Mtoto wa mfuaji wa jezi nakosa la kusema, uso nitauweka wapi? Wewe unakaa pale pembeni na ndoo yako ya maji kila mazoezi, unaona yote. Nieleze kama unavyomweleza bibi.

Na ndugu yangu Komeo vipi? Redio ilisema mechi iliyopita alikuwa anaipiga mipira ngumi badala ya kuidaka. Nikawa na wasiwasi naye.

Niandikie, mama. Simu hapana, unamjua mjomba.

Mwanao


Tarehe 27, mwezi wa nane

Mwanangu,

Salamu nyingi kutoka kwa wote, nisipowataja leo wasinune, wote wazima na wote wanakuulizia. Bibi yako ameniuliza kama umepata mchumba, nikamwambia umepata ubishi.

Jumamosi Shoka wameshinda tena. Hiyo ni ya tano bila kufungwa. Na Radi nao wametoka sare, kwa hiyo waambie hao wenzako ghalani kwamba mfuko unaofumuka unaweza ukawa wao.

Umeuliza kona. Kaa nikueleze. Wao wenyewe wanaiita namba nne, kwa nini namba nne sijui, labda tatu zilizotangulia zilikataa. Mimi naiita kuanua. Inakuwa hivi: mpigaji akishaweka mpira pale pembeni, wale warefu watatu wanakwenda kusimama mbele ya kipa wa wenzetu, wamebanana bega kwa bega kama mashati kwenye kamba fupi. Mabeki wa wenzetu nao wanajazana hapohapo kuwakaba. Basi mpigaji akiinua mkono tu, wote watatu wanachomoka mbio kwenda nje, kila mmoja njia yake, kama watu walioona tone la kwanza la mvua na nguo ziko nje. Mabeki wanawafuata. Pale kati panabaki peupe. Na yule winga mfupi, ambaye hakuna aliyemjali kwa ule ufupi wake, anatokea nyuma ametulia, anaukuta mpira, anamaliza. Mara ya kwanza nilivyoona mazoezini nilicheka peke yangu nikasema, hao wanaanua. Hakuna aliyenisikia, kila mtu alikuwa anakimbia.

Komeo sasa. Hili ni letu wawili, mwanangu, hata mjomba wako hajui. Mtoto yule anaumwa bega. Aliliangukia mazoezini na halijarudi sawa. Daktari wa timu alimwambia apumzike, akamwomba amfichie, maana akikaa benchi ataingia Spea, na Spea ni hodari, huenda asitoke tena. Unamfahamu Spea? Kijana mrefu mwenye aibu, aliletwa mwaka jana awe kipa wa akiba, ndipo hilo jina likamganda. Hana neno na mtu. Akinirudishia jezi anakuwa ameshaikunja, tena haina hata vumbi, maana hachezi, na mimi naifua hivyohivyo asijisikie vibaya.

Basi Komeo kila jioni anakuja hapa, namchua bega na mafuta ya moto, anauma kitambaa asipige kelele mjomba wako asije akauliza. Nampigia kelele mimi sasa, namwambia utabaki kilema. Ananijibu, mama, acha kwanza tucheze na Radi, baada ya hapo hata mkinikata sawa. Unakumbuka mlivyokuwa mnalala godoro moja hapa, mnapigana mateke mpaka nawatenganisha kwa mwiko? Kichwa chake bado ni kilekile.

Mnabishana huko nani atafika mbali. Mimi si mtaalamu, nasema ninachokiona. Radi wana watu wengi, akiumia mmoja anaingia mwingine wa aina ileile. Sisi tuna kumi na mmoja na dua. Tukibaki wazima tutafika. Akianguka mmoja, hasa yule wa langoni, sijui.

Ninakuota sana siku hizi. Sijui kwa nini. Unakuwa umekaa na mgongo wako kwangu. Niandikie unitoe wasiwasi.

Mama yako


Tarehe 5, mwezi wa tisa

Mama kipenzi,

Shikamoo, na wote wapokee salamu. Mimi mzima, ndoto ni ndoto, labda ulikula ukachelewa.

Nimehuzunika kusikia habari za Komeo. Hapa karibu na ghala kuna duka la vifaa vya hospitali, wanauza mikanda ya kubana bega, wachezaji wengi wanaivaa ndani ya jezi. Nitamtumia mmoja, usimwambie ni mimi. Ila inauzwa kwa upande, wa kulia peke yake na wa kushoto peke yake. Hukuniambia bega lake ni lipi. Nijibu haraka niununue.

Na habari njema: siku ya mechi na Radi nitakuja. Nimeomba ruhusa. Niwekee nafasi pembeni yako.

Mwanao


Tarehe 10, mwezi wa tisa

Mwanangu mpendwa,

Mbio mbio tu, mtu wa posta anafunga. Ni la kulia. La kulia, akiruka upande huo halinyanyuki kupita sikio. Mkanda ukija namvalisha mwenyewe. Nimewaambia wote unakuja, dada yako anakushonea shati, bibi ameanza kukuuliza kana kwamba umeshafika. Nafasi yako nitaiwekea kigoda.

Mama


Tarehe 29, mwezi wa tisa

Mwanangu,

Salamu.

Nimeanza barua hii mara kadhaa na karatasi nimezitia jikoni. Kwa hiyo sitaipamba.

Mkanda haukuja. Nilikwenda posta mpaka yule karani akawa ananitikisia kichwa nikiwa bado mlangoni. Nikasema labda atakuja nao mkononi.

Siku ya mechi nilikwenda mapema. Nikaweka ndoo yangu, nikaweka kigoda changu, na cha pili pembeni, juu yake nikaweka lile shati alilolishona dada yako, watu wajue pana mtu. Watu walijaa mpaka wakapanda ukuta. Timu mbili ambazo hazijafungwa, nani angebaki nyumbani? Hata bibi yako alitaka kubebwa.

Nimezungumza na wanaojua mpira na wote wanasema lilelile, kwamba Radi siku ile hawakucheza mpira wao. Wao huja mbele kwa pupa, wanaacha mlango wazi nyuma. Siku ile walikuja wametulia kama watu waliopewa ramani. Kila mpira waliopiga golini waliupiga kulia kwa Komeo. Wa juu, kulia. Wa chini, kulia. Mpaka mjomba wako, ambaye hajui lolote, akaniuliza kwa nini hawa wanapiga upande mmoja tu kama wamelipwa. Bao la kwanza Komeo aliruka, mkono haukufika, akabaki amelala. Nikaona anavyokaza taya. Nilikuwa naijua ile taya.

Halafu tukapata kona. Watu wakasimama wote. Warefu wetu watatu wakaenda mbele ya kipa wao, wakabanana. Na hapo, mwanangu, nikasikia mtu anapiga kelele kutoka benchi la Radi: "Wanaanua! Wanaanua!"

Nilicheka. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba kwanza nilicheka. Nilidhani kuna mtu mwingine duniani ambaye ameona kama mimi. Kisha nikaona mabeki wa Radi. Warefu wetu wakachomoka na hakuna aliyewafuata hata mmoja. Wote walibaki kati wanamngoja yule mfupi. Wakamkuta, wakauchukua mpira, na kabla watu hawajakaa wakawa wameshafunga la pili kule kwetu.

Neno lile si la Shoka. Shoka wanasema namba nne. Neno lile halijatoka kinywani mwangu kwa mtu yeyote hapa, si kwa bibi, si kwa Komeo. Limetoka mara moja tu, likaenda kwako kwa bahasha.

Nikaangalia ng'ambo. Pembeni ya kocha wao alikuwepo mtu amevaa koti la Radi, na kofia ameishusha, na miwani myeusi. Akageuka kumwambia kocha kitu. Watu wengine hawakukutambua. Lakini hicho kisogo nimekinyoa kwa wembe tangu utosi wako ungali laini mpaka kilipoota nywele ngumu, kisingeweza kunipotea hata ungekifunga gunia. Nilingoja ugeuke unitazame. Mpira uliisha hukugeuka.

Bao la tatu Komeo aliruka kwa nguvu zake zote, akaangukia palepale, na bega likatoka. Alipiga ukelele hata bibi yako angesikia. Walimbeba juu ya ubao wa matangazo. Daktari anasema msimu wake umekwisha, na huenda si msimu huu tu.

Sasa sikiliza ambalo hulijui. Usiku huohuo viongozi wa timu walikaa. Wakasema, bega la Komeo alilijua nani? Daktari, na Spea, maana Spea alimkuta siku moja akivua jezi. Nani angefaidika Komeo akianguka? Spea. Basi, wamemfukuza. Si kufukuza kwa heshima. Walimtupia begi lake nje ya chumba cha kuvalia, na vijana wakamfuata barabarani wanamwita Muuza Mechi. Aliinama akaokota soksi zake zilizotoka kwenye begi, akaondoka. Na mimi nilikuwepo pale na ndoo yangu mkononi, nikijua, na ulimi ukagoma.

Uliniambia uko ghala la rangi. Nilikuwa nakuombea kifua.

Nijibu.

Mama yako


Tarehe 11, mwezi wa kumi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo sana. Natumaini mnaendelea vizuri, bibi, mjomba, dada na mtoto. Mimi siko vizuri. Tangu nipate barua yako chakula hakipiti.

Mama, nisikilize na mimi. Kazi ya ghala iliisha muda mrefu. Sikukwambia kwa sababu usingelala. Nilizunguka mji huu mpaka viatu vikanikataa. Yule kocha wa Radi alinikuta nikibishana mpira kibandani, akaona ninajua, akaniuliza natoka wapi. Nilipomtajia, akasema ana kazi kwa mtu anayeweza kuijua Shoka kwa ndani. Si wizi, mama. Kila timu kubwa ina watu wa kuchunguza wapinzani. Ni kazi kama kazi nyingine. Mimi niliuliza, wewe ukanijibu, hakuna aliyevunja mlango.

Neno lako niliwaambia kwa sababu lilikuwa jepesi kukumbuka. Sikudhani watalipigia kelele.

Komeo sikutaka aumie. Niliwaambia wapige upande huo, sikuwaambia wamvunje. Nilitaka kuja kukaa na wewe, naapa, lakini koti lile ningelivua wapi?

Nakuomba jambo moja. Usiseme kwa watu. Huko nyumba yetu itapigwa mawe, na huku nitapoteza kazi, maana kocha hataki ijulikane alipata wapi. Huyo Spea bado kijana, atapata timu nyingine, watu watasahau. Ligi ikiisha nitakuchukua uje ukae na mimi hapa, upumzike kufua nguo za watu.

Mkono wako naubusu, mama. Nisamehe.

Mwanao

Nimesikia kwenye kombe tumepangwa na Shoka tena mwezi ujao. Kwani sasa golini mtamweka nani?


Tarehe 20, mwezi wa kumi

Mwanangu,

Nakusalimu, na nakuuliza hali yako, nikiamini chakula kimeanza kupita. Sisi hapa wazima. Bibi yako mzima. Nimemwambia yote, nilipiga kelele sana mpaka akasikia, na tangu hapo anauliza kila siku kama ni kweli au alisikia vibaya. Mjomba wako mzima, redio ameifunika kitambaa. Dada yako mzima, lile shati amelifumua, kitambaa amemshonea mwanawe. Mtoto mzima, ameota jino la tatu. Jirani mwenye bomba mzima. Komeo hajambo kidogo, mkono wake umefungwa kifuani. Haji tena jikoni, kwa hiyo hizi ni habari za kusikia.

Nimesema, mwanangu. Barua yako ilifika baada ya mimi kuwa nimeshaamua, na hata ingefika kabla ningesema. Jumatatu waliponiletea magunia sikuyapokea. Nilifuatana nayo mpaka chumba cha kuvalia, wakiwa wote wamekaa, nikawaambia kwamba mdomo uliotoa habari ni wangu na sikio lililopokea ni la mwanangu, na kwamba Spea hana kosa hata la kutazama. Unajua walichofanya? Mwenyekiti alinishika mkono, akaniambia mama, wewe una huruma, ungejitia kitanzi ili yule kijana arudi. Wengine wakasema nimechanganyikiwa kwa ajili ya Komeo. Kwamba mama aliyeishia darasa la tatu aliandika kwenye karatasi jinsi namba nne inavyochezwa, hilo halikuwaingia akilini. Wakanipa soda wakanirudisha nyumbani na magunia yangu.

Komeo peke yake aliniamini. Alinisindikiza mpaka kwenye kona ya barabara. Akaniuliza, "Aliuliza yeye, au wewe ndiye ulimwambia tu?" Nikasema wewe ndiye uliyeuliza. Akasema, "Hata upande?" Nikasema hata upande. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu ambacho alishakinunua, akarudi zake.

Spea nimemfuata kwa kaka yake, anafanya kazi ya kuziba matairi huko. Alinipa gogo nikakaa. Hakunikasirikia, na hilo lilinimaliza. Alisema mama, timu sina haja nayo tena, lakini hata huku wateja wananiita Muuza Mechi, wanauliza tairi lao nimeliuza kwa nani. Anacheka akisema hivyo, lakini mikono yake haicheki.

Umeandika kwamba uliuliza na mimi nikajibu, hakuna aliyevunja mlango. Ni kweli hukuvunja. Nilikufungulia, nikakupangusia kiti. Ungekuja kama mtu wa Radi ukaniambia, mama, mimi sasa nakula huko, nieleze habari za Shoka, ningekufukuza kwa ufagio na kesho yake ningekupikia, tungekaa. Mtu anaweza kuwa timu nyingine na akabaki mtoto. Lakini ulikuja kama mtoto. Ulianza na shikamoo, ukauliza bibi, ukauliza hali ya nyumba nzima, na nyuma ya salamu ulikuwa umebeba gunia. Sasa nikizisoma zile barua sijui ni wapi ulikuwa unaniuliza mimi. Nimetafuta kwa kidole, mstari kwa mstari. Ukipajua pale mahali ambapo uliniuliza mimi peke yangu, nionyeshe.

Halafu chini kabisa, baada ya kuomba msamaha, umeniuliza golini tutamweka nani.

Nilimsomea mjomba wako hapo. Ndipo macho yake yakarudi kung'aa, akaruka kitini, akasema hii ndiyo nafasi, mwandikie kwamba atadaka Komeo na bega limepona la kulia, bovu sasa ni la kushoto, na kona tumeacha. Waje na ramani ya uongo, tuwanyonge. Alikuwa ameshachukua kalamu. Amepanga mpaka mahali pa kuweka nukta. Nimekataa. Alinuna mpaka jioni, ananiita mlezi wa Radi. Lakini mimi sijawahi kukuandikia uongo tangu ujue kusoma, na sitaanza kwa sababu ya mpira. Kwa hiyo golini sikwambii nani, wala wa kweli wala wa kubuni. Habari za Shoka kutoka kwangu zimekwisha. Nyingine zote utazipata, za bibi, za mtoto, za mvua, ukizitaka.

Kuja kukaa na wewe siwezi. Chumba kile ningekuwa nakiangalia kila ukuta nikijiuliza kimetoka kwa bega la nani.

Sasa neno langu la mwisho, nalo lisome kwa kidole kama ninavyosoma mimi. Neno la mama hawakuliamini, lakini lako wataliamini. Mwandikie Spea. Usiniandikie mimi, mwandikie yeye, kwa mkono wako na kwa jina lako lote, useme ulifanya nini na yeye hakufanya nini. Amekubali kwamba ikija ataipeleka uwanjani isomwe mbele ya watu siku ya kombe, kabla mpira haujaanza. Najua utapoteza kazi. Nimelipima hilo siku nyingi nikiwa nimeinamia beseni, na kila nikilipima namwona yule kijana anaokota soksi barabarani.

Barua zako zote ninazo, na hii ya juzi ambayo umekiri mwenyewe ninayo. Ningekwenda nayo kwa mwenyekiti leo, mambo yangeisha. Sijakwenda, kwa sababu uliniandikia mimi, na yaliyoandikwa kwa mama hayatolewi nje. Nilidhani wewe unalijua hilo. Siku ya kombe ikifika na Spea hajapata kitu, nitaitoa, nitaisoma mwenyewe, taratibu, na watu watangoja. Na nikishafanya hivyo mimi na wewe tutakuwa tumelingana, na sitaki tulingane kwa hilo. Usinifikishe huko, mwanangu. Mwandikie upesi, barua zinachelewa njiani siku hizi, na ukishaitia posta niletee neno moja tu kwamba umeituma, hata kwa simu ya mjomba wako, hata kama nyumba nzima itasikia.

Ni mimi mama yako